KICC ni ya nani? Kisa cha jumba la chama lililogeuka mali ya serikali

Tuanzie Februari 2003. KANU imeangushwa kwenye uchaguzi wa 27 Desemba 2002, Mwai Kibaki wa upinzani amezoa kama asilimia 62 na mgombea wa KANU, Uhuru Kenyatta, kama 31, chama kilichokuwa madarakani tangu uhuru kimetoka State House, na hata miezi miwili haijaisha serikali mpya ya NARC, muungano wa vyama vya Kibaki, inatangaza kwamba KICC (Kenyatta International Convention Centre), lile ghorofa la rangi ya udongo mwekundu pale City Square, Nairobi, si mali ya KANU tena, linarudi kwa umma. Miezi ile ya kwanza NARC ingetangaza hata bei ya sukari imepanda watu wangepiga makofi, kwa hivyo wachache sana walikaa chini kuuliza lilirudi kwa umma kutoka wapi, na kama liliwahi kuwa la umma kwanza.

Mimi nadhani swali hilo lilistahili kuulizwa. KANU haikuvamia jengo usiku. Ilikuwa mwenyewe kwa makaratasi, ikakaa humo mchana kweupe miaka karibu 30 ikipangisha ofisi na kumbi, na marais wawili, Jomo Kenyatta na Moi, wakaona ni sawa (na wao ndio walikuwa viongozi wa chama, wangeona vipi vingine?). Upande wa pili, jengo lilichorwa na watu walioajiriwa na serikali, likabeba jina la rais, na wageni wake wa kwanza wakubwa walikuwa wageni wa nchi, sio wa chama. Sasa hapo nani mwenye mali? Nina msimamo wangu na nitausema, ila tupitie kwanza vile jumba lilivyozaliwa, manake fujo yote ya baadaye ilianzia hapo.

Mwanzoni wazo lilikuwa la kawaida tu, chama tawala kinataka makao makuu. Hii ni katikati ya miaka ya 60, katibu mkuu wa KANU ni Tom Mboya na kiongozi wa chama ni Mzee Kenyatta ambaye pia ndiye rais wa jamhuri. Kazi ya kuchora haikupelekwa kwa kampuni binafsi ya wasanifu, ilitua Wizara ya Ujenzi. Pale wizarani kulikuwa na David Mutiso, mmoja wa Waafrika wa kwanza kabisa Kenya kusomea usanifu majengo na mtu aliyefika hadi kuwa msanifu mkuu wa serikali, na kulikuwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuja Kenya 1965 kupitia mpango wa msaada wa nchi yao. Hao wawili ndio jina lao liko kwa KICC.

Hebu simama hapo kidogo. Chama cha siasa kinataka ofisi, kinapeleka oda kwa wizara, na watu wanaolipwa mshahara na walipa kodi, pamoja na mtaalamu ambaye Norway imemleta kusaidia nchi, wanakaa chini wanachora. Leo chama kikifanya hivyo kutakuwa na kesi kotini kabla ya saa nne asubuhi. Enzi hizo hakuna aliyeona ajabu, na sidhani ni kwa sababu watu walikuwa wezi zaidi kuliko sasa. Mpaka kati ya chama na serikali ulikuwa unafutika polepole mbele ya macho ya kila mtu. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, kilipigwa marufuku 1969, na kuanzia hapo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, miaka 13 kabla ya sheria ya 1982 kuja kuandika jambo ambalo tayari lilikuwa linafanyika. Kwa mtu aliyekuwa ofisini wizarani miaka hiyo, kuchorea KANU jengo na kuchorea serikali jengo ilikuwa ni meza ile ile na bosi yule yule.

Ujenzi ulianza 1967 ukaisha 1973. Mboya hakuona mwisho wake, alipigwa risasi 5 Julai 1969 pale Government Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwa jengo.

Katikati ya ujenzi ndipo kitu kikabadilika. Nairobi ilipata nafasi ya kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF wa Septemba 1973, mara ya kwanza mkutano huo kuja Afrika, na mji haukuwa na ukumbi wa kuketisha mawaziri wa fedha na magavana wa benki kuu wa dunia nzima. Kwa hivyo ofisi ya chama iliyoanza na michoro ya kawaida ikanenepa, ikaongezewa kumbi za mikutano, mnara ukaenda juu hadi ghorofa 28, mita 105 hivi, na kukawa na jengo refu kuliko yote Nairobi, sifa iliyobaki nayo hadi mwishoni mwa miaka ya 90 wakati Teleposta na baadaye Times Tower zilipolipita. Mzee Kenyatta alilifungua Septemba 1973 na mwezi huo huo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, akasimama humo ndani akatoa ile hotuba yake maarufu ya umaskini uliokithiri, kwamba benki lazima igeukie mkulima mdogo wa kijijini. Watu wa maendeleo bado wanaita ile "hotuba ya Nairobi". Mkutano wenyewe haukurudi tena barani Afrika hadi Oktoba 2023 kule Marrakech, miaka 50 kamili.

Alafu siku chache tu baada ya wageni wa benki kufunga mizigo, Oktoba hiyo hiyo, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikafungua ofisi zake humo humo KICC, shirika la kwanza la Umoja huo kuwa na makao makuu katika nchi zinazoendelea, kabla ya kuhamia Gigiri. Kwa hivyo piga picha 1973 inaisha: mwenye nyumba ni chama cha siasa, mpangaji ni Umoja wa Mataifa, mchoraji ni wizara, jina ni la rais, na kwa kila Mkenya anayepita Harambee Avenue hilo ni "jumba la serikali". Wote wako sahihi kiasi. Ndio nikasema fujo ilizaliwa na jengo.

Kuhusu uzuri wake nitasema kidogo kwa sababu siwezi kupita bila kusema. Nøstvik na Mutiso walichukua maumbo mawili, mnara wa duara unaosimama wima na pembeni yake ule ukumbi wenye paa la kukunjwakunjwa lililochongoka kama pia, wengine wanaona nyumba ya msonge, wengine wanaona ua ambalo halijachanua, na wakaviweka juu ya jukwaa moja kubwa ili upande ngazi kwanza kabla hujaingia. Madirisha yamerudishwa ndani nyuma ya kingo za zege zinazosimama wima kuzunguka mnara wote, kwa hivyo jua la ikweta linapigwa kivuli kabla halijafika kwa kioo. Juu kabisa kuna mgahawa uliotengenezwa uzunguke na pa kutua helikopta. Nje uwanjani kakaa Mzee mwenyewe, sanamu aliyochonga Mwingereza James Butler, kaketi kama anayesubiri mtu atoe hesabu. Nikilinganisha na hayo maghorofa ya vioo vitupu yaliyojaa Upper Hill, yanayokula stima siku nzima kupoza joto ambalo yameliita yenyewe, KICC bado inayapiga yote. Niambieni ni ushamba, sawa tu.

Turudi kwa kisa. Kuna tukio la 1989 ambalo watu huwa hawaliunganishi na KICC na mimi naona ndilo linafungua macho zaidi. KANU ilikuwa tayari na hili jumba lote, lakini ikaamua inataka lingine. Kupitia Kenya Times Media Trust, ubia wake na yule tajiri wa magazeti Robert Maxwell, ilipanga kuweka mnara wa ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, wenye makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, maduka, ukumbi, na sanamu kubwa ya Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai akaanza kuandika barua, kwa ofisi za serikali, kwa mabalozi, kwa UNEP, akiuliza kwa nini bustani ya watu wa kawaida wa Nairobi igeuzwe ploti ya chama. Wabunge walimtukana bungeni, Moi naye akasema mwanamke anayejua mila anafaa kuheshimu wanaume na kunyamaza, na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikafukuzwa kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa inatumia. Lakini wafadhili wakaingia baridi na mradi ukafa mwanzoni mwa miaka ya 90.

Sasa fikiria tofauti ya hizo tarehe mbili. 1967 chama kinapata kiwanja kizuri kuliko vyote katikati ya mji, jirani ya Bunge na mahakama, na hakuna hata barua moja ya kulalamika inayokumbukwa na watu. 1989 chama kile kile, tabia ile ile, mama mmoja anauliza swali moja na mnara wa ghorofa 60 unaanguka kabla haujajengwa. KANU haikuwa imebadilika hata kidogo. Watu ndio walikuwa wameanza kuona ule mpaka uliofutwa. Miaka miwili baadaye, Desemba 1991, kile kipengele cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikaondolewa kwenye katiba na vyama vingi vikarudi, na kuanzia siku hiyo kisheria kabisa KANU ilikuwa chama kama chama kingine, isipokuwa chenyewe kilikuwa na ghorofa 28 na FORD wa upinzani walikuwa wanakutana kwa nyumba za watu.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa ya kusema NARC ilikuwa na haki. Weka kando kwanza maneno ya nani alilipa simiti. Mali iliyopatikana kwa sababu chama na dola vilikuwa kitu kimoja haiwezi kubaki na chama siku vinapotenganishwa, kwa sababu ikibaki basi hukutenganisha kitu, umempa mmoja wa wachezaji uwanja na mwamuzi. Kama KICC ingebaki na KANU, kila chama kipya Kenya kingekuwa kinashindana na kodi za nyumba za jumba ambalo wizara ililichora.

Lakini jinsi lilivyochukuliwa, hapo mimi sikubaliani. Ilikuwa ni uamuzi wa serikali, wa watu walioshinda, dhidi ya watu walioshindwa, wiki chache baada ya kura. Hata kama una haki asilimia mia, ukichukua kwa amri unaacha mlango wazi, na mwenzako anabaki na taito kwenye droo akisema nilinyang'anywa bila kusikilizwa. Nchi ilikuwa na njia nzuri zaidi na ilikuwa inaijenga wakati huo huo: Juni 2003 Kibaki aliunda ile tume ya Ndung'u ya kuchunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kiholela, ikatoa ripoti 2004, na KICC ingeweza kabisa kuwa kesi ya mfano, jaji akae, KANU ije na makaratasi yake, wizara ije na michoro yake, hukumu isomwe na mambo yaishe. Badala yake jengo likapelekwa Wizara ya Utalii, 2004 likaundiwa shirika lake la serikali, baadaye sheria ya utalii ya 2011 ikalitambua rasmi, na KANU ikaendelea kudai ni lake.

Kama biashara, kubadilisha mikono kulisaidia, hilo lazima tukubali. Mkutano wa mawaziri wa WTO, shirika la biashara duniani, Desemba 2015 ulifanyika hapo, wa kwanza Afrika, ule wa UNCTAD, biashara na maendeleo wa Umoja wa Mataifa, Julai 2016, TICAD, mkutano wa Japan na Afrika wa maendeleo, Agosti 2016 ambao ulikuwa haujawahi kutoka Japan, na mkutano wa tabianchi wa Afrika Septemba 2023. Ingawa tusisahau kwamba hata enzi za KANU ule mkutano mkubwa wa wanawake wa Umoja wa Mataifa wa Julai 1985 ulifanyika hapo, kwa hivyo si kweli kwamba chama kilikuwa kimelifanya banda la kuku.

Ila jengo kuwa la serikali nako kuna gharama yake, na gharama ilionekana 2007. Tume ya uchaguzi, ECK iliyoongozwa na Samuel Kivuitu, iliweka kituo cha kujumlisha kura za urais KICC. Waliokuwa na televisheni Desemba ile wanakumbuka, siku tatu za mawakala wa vyama kusukumana na kupiga kelele kwa maikrofoni, fomu haziletwi, nambari zinabadilika, na tarehe 30 Desemba GSU, kikosi maalum cha polisi, wakaingia, ukumbi ukaondolewa watu, na Kivuitu akatangaza matokeo kwenye chumba kidogo mbele ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake: Kibaki 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa State House. Watu zaidi ya 1,100 walikufa kwenye vurugu zilizofuata. Na mkataba wa amani wa 28 Februari 2008, Kibaki na Raila wakiwa na Kofi Annan, ulisainiwa kwenye ngazi za Harambee House, yaani mtaa ule ule. Chaguzi zilizofuata kujumlisha kukahamia kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, na sishangai.

Kilichonifanya nianze kufuatilia hiki kisa chote ni pesa. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza noti kuwa na picha ya mtu yeyote, kwa sababu Wakenya walichoka na kila rais kuweka uso wake mfukoni mwao. Benki Kuu ikabidi itafute kitu kisicho cha mtu, kisicho cha kabila, kisicho cha chama. Noti mpya zilipozinduliwa Juni 2019 kila moja, kuanzia ya 50 hadi ya 1,000, ilikuwa na KICC mbele. Jumba lililochorwa kwa ajili ya chama ndilo likapita mtihani wa kuwa la kila mtu! Lakini hata hapo mtego ulikuwepo, kwa sababu pembeni ya jengo kwenye ile picha anaonekana Mzee kwenye kiti chake, ile sanamu, na mwanaharakati Okiya Omtatah akakimbia kotini akisema hiyo ni picha ya mtu imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi, noti zikabaki, na ule mjadala ukapotea kwenye heka heka za watu kupeleka elfu moja za zamani benki kabla ya 30 Septemba. Mimi naona Omtatah alikuwa na hoja kuliko alivyopewa sifa. Jengo na mwenye chama wake vimeshikana kiasi kwamba hata ukipiga picha ya kimoja kingine kinatokea.

Novemba 2023 likaja jingine. Serikali ya Ruto ilitoa orodha ya mashirika 11 ya umma ya kuuzwa, KICC ikiwemo. KANU ikaruka juu mara moja, wakisema huwezi kuuza kitu chetu, na hapo ndipo unaona mlango ulioachwa wazi 2003. Lakini kesi iliyosimamisha mambo ilipelekwa na ODM, chama cha Raila, na hoja yao haikugusa taito za KANU kabisa. Walisema KICC ni turathi ya taifa inayolindwa na sheria ya mambo ya kale na makumbusho, na sheria ya ubinafsishaji ya 2023 ilipitishwa bila umma kushirikishwa inavyotakiwa. Desemba uuzaji ukasimamishwa, na Septemba 2024 Jaji Chacha Mwita akaifuta sheria yote. Kwa hivyo kinachoilinda KICC isiuzwe si nani mwenye mali, ni kwamba jengo lenyewe limekuwa kumbukumbu ya taifa, jambo ambalo nadhani Mutiso na Nøstvik hawakuwa nalo akilini walipokuwa wanapima ukubwa wa ofisi za chama.

Na angalia nani alikuwa kiongozi wa ODM iliyoenda kotini. Marehemu Raila Odinga alikuwa katibu mkuu wa KANU mwaka 2002, kiti kile kile cha Mboya, wakati chama bado kinaishi humo kama mwenye nyumba. Mwaka uliofuata alikuwa waziri wa barabara na ujenzi kwenye serikali ya NARC iliyomtoa huyo mwenye nyumba. 2007 matokeo ya kumwangusha yalisomewa humo humo. Na 2023 chama chake ndicho kikazuia jumba lisipigwe mnada.